Kura ya kodi ya bangi Oakland: wenye maduka waliomba wenyewe kutozwa, tujadili yaliyofuata

Mhasibu wa Oakland (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Kila habari ya bangi ya Marekani inapoletwa hapa, mjadala hugawanyika mapema kati ya wanaosema ni dawa na wanaosema ni balaa, na suala la kodi hupitiwa kwa sentensi moja tu, kwamba wenzetu wanavuna mabilioni. Mimi naishi Oakland, California, tangu mwaka 2003. Kazi yangu ni uhasibu wa biashara ndogo, na kwa miaka michache nilitunza vitabu vya duka moja la bangi ambalo sitalitaja jina na ambalo leo halipo. Naomba tuache kando kwa muda swali la uhalali wa mmea wenyewe, tutazame jambo moja: wananchi walipoulizwa kwa kura kama biashara hii itozwe kodi, waliulizwa nini hasa, na jibu lao lilizaa nini.

Inabidi nianzie tarehe 5 Novemba 1996. Siku hiyo wapiga kura wa California walipitisha mambo mawili katika uchaguzi mmoja, na sidhani kama wengi waliona kwamba siku moja yangekutana. Pendekezo la 215 lilimruhusu mgonjwa aliyeshauriwa na daktari kutumia bangi na kuilima. Pendekezo la 218 lilisema kwamba jiji au kaunti haiwezi kuanzisha wala kupandisha kodi bila kuwauliza wapiga kura wake: kodi inayoingia mfuko mkuu inahitaji zaidi ya nusu ya kura, na kodi iliyofungiwa kazi maalumu inahitaji theluthi mbili. Bila la kwanza kusingekuwa na duka la kutozwa, na bila la pili baraza la jiji lingelimaliza jambo hili katika kikao cha jioni moja.

Mwaka 2009 mdororo wa uchumi ulikuwa umeikaba Oakland. Benki zilikuwa zinanadi nyumba mtaa kwa mtaa, na bajeti ya jiji ilikuwa na pengo la takribani dola milioni 83. Jiji likaitisha uchaguzi maalumu wa kura za posta, siku ya mwisho ikiwa tarehe 21 Julai, wenye hoja nne. Hoja F ndiyo iliyohusu bangi. Tuliifungua bahasha ile juu ya meza ya jikoni, mimi na mke wangu, na swali lenyewe halikuwa na maneno mengi: je, kodi ya biashara ya bangi, ambayo wakati huo ilikuwa dola 1.20 kwa kila dola 1,000 za mauzo ghafi, iwe dola 18 kwa kila dola 1,000? Mke wangu ni muuguzi na hajawahi kuipenda bangi hata kidogo. Aliuliza swali moja tu: "Na hao watakaolipa wanasemaje?"

Waliotakiwa kulipa walikuwa wanaiombea kura. Oakland ilikuwa na maduka manne tu yenye kibali, na Steve DeAngelo wa duka la Harborside pamoja na Richard Lee, mwanzilishi wa Oaksterdam, chuo cha mafunzo ya bangi, walisimama hadharani upande mmoja na diwani Rebecca Kaplan kutaka kodi yao ipande mara 15. Hakukuwa na kampeni rasmi ya kupinga. Takribani asilimia 80 ya waliopiga kura walisema ndiyo, na Oakland ikawa jiji la kwanza Marekani kuiwekea biashara ya bangi kodi yake mahususi.

Mtu aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa sana kwa nini mfanyabiashara aombe kutozwa. Mwenye meza ya mitumba kandokando ya barabara anayekatiwa risiti ya ushuru asubuhi huitunza risiti ile kama hirizi, kwa sababu mgambo wakija ndiyo itakayosema kwamba yeye si mvamizi. Serikali ya shirikisho ilikuwa inaiweka bangi kundi moja na heroini, na kibali cha jiji peke yake kilikuwa ukuta wa nyasi. Wenye maduka walitaka jiji liwe na maslahi katika kuishi kwao, na walilipata hilo. Mwaka 2012 wanasheria wa shirikisho walipofungua shauri la kutaifisha majengo yaliyopangwa na Harborside, jiji lenyewe la Oakland liliishtaki serikali ya shirikisho ili kuwazuia. Kesi ya jiji ilishindwa katika rufaa mwaka 2015, lakini mwaka uliofuata serikali ya shirikisho iliacha yenyewe shauri la kutaifisha. Nijuavyo mimi, si jambo la kila siku jiji kwenda mahakamani dhidi ya serikali ya nchi yake kwa ajili ya mlipakodi mmoja.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Novemba 2010, jiji lilirudi kwa wapiga kura na Hoja V, ambayo ilipandisha kodi hiyo hadi dola 50 kwa kila dola 1,000 kwa bangi ya wagonjwa, na dola 100 kwa kila dola 1,000 kwa bangi isiyo ya wagonjwa. Ikapita. Kiwango hicho cha pili kilikuwa kodi ya kitu ambacho kisheria hakikuwapo, kwa kuwa siku hiyohiyo Pendekezo la 19 la kuhalalisha bangi kwa watu wazima jimbo zima, lililosukumwa na Lee huyohuyo, lilianguka kwa kupata takribani asilimia 46 tu ya kura. Asilimia 10 ikabaki ndani ya sheria ya jiji kama mtego uliotegwa kwenye njia ambayo bado haijapitwa na mtu. Ilikaa hivyo hadi tarehe 1 Januari 2018, maduka yalipoanza kuwauzia watu wazima chini ya Pendekezo la 64 lililopita mwaka 2016, na siku hiyo mtego ukafyatuka.

Tatizo liko katika maneno mawili ya lile swali: mauzo ghafi. Kodi ya mauzo ghafi haiulizi kama umepata faida. Na juu yake kuna kifungu cha 280E cha sheria ya kodi ya mapato ya shirikisho, kilichotungwa mwaka 1982 baada ya muuza dawa za kulevya mmoja wa Minneapolis kwenda mahakama ya kodi na kukubaliwa kuondoa mizani yake, simu na gharama za safari kama gharama za biashara. Bunge lilikasirika, likaandika kwamba anayeuza dawa za makundi mawili ya juu ya dawa zinazodhibitiwa, bangi ikiwamo, haruhusiwi kuondoa gharama za uendeshaji. Duka la bangi lenye leseni za jiji na jimbo limo ndani ya kifungu hicho. Linaruhusiwa kuondoa gharama ya kununua bidhaa tu. Pango, mishahara, umeme, mlinzi wa mlangoni, na hiyo kodi ya jiji yenyewe, haviondolewi.

Nichukue mfano wa hesabu ambao si wa duka lolote. Duka limeuza dola 1,000,000 kwa mwaka. Bidhaa imeligharimu 600,000. Pango, mishahara na mengineyo ni 250,000, na kodi ya jiji ya asilimia 10 ni 100,000. Kilichobaki kweli mkononi ni dola 50,000. Serikali ya shirikisho haioni 50,000. Inaona 400,000, inatoza asilimia 21 na kudai dola 84,000. Mwenye duka anamaliza mwaka akiwa ndani ya shimo la dola 34,000, na amekuwa raia mwema kwa kila mtu. Harborside ilipigania kifungu hicho mahakamani miaka mingi na ilishindwa mwaka 2018.

Ninachouliza ni hiki: mpiga kura aliyewekewa swali la mstari mmoja juu ya meza ya jikoni, bila kuonyeshwa kodi nyingine zilizopangwa juu yake, alipewa nafasi ya kuamua kweli? Mimi mwenyewe nilipiga ndiyo mara zote mbili.

Mama Duka, Mwanza

Kaka Mhasibu, asante kwa uzi. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, na umenigusa penye jipu. Ushuru wa huduma ambao halmashauri zetu zimetutoza kwa miaka mingi, ile asilimia 0.3, nao unakaa juu ya mauzo ghafi. Mfuko wa saruji nauza kwa faida ndogo mno, wakati mwingine nauuza kwa bei ya kununulia ili mteja achukue na nondo, lakini ushuru unahesabu mfuko mzima kana kwamba fedha yote ni yangu. Kwa asilimia 0.3 tunalalamika hadi mwenyekiti wa soko anachoka kutusikiliza. Nimekaa nimepiga hesabu: asilimia 10 ya huko kwenu ni zaidi ya mara 30 ya hiyo.

Lakini nina swali. Sisi hatujawahi kupigiwa kura wala kuulizwa kwenye karatasi. Sheria ndogo inapita kwenye baraza la madiwani, waziri anaidhinisha, tunakuta tangazo. Ninyi mliulizwa, na watu 8 kati ya 10 wakasema ndiyo. Je, si kweli kwamba hao wanane hawakuwa wanalipa wao? Ni rahisi kupiga kura jirani achangie barabara.

Na la pili: kwa nini msimpandishie mteja bei mkamaliza?

Mhasibu wa Oakland (mleta uzi)

Mama Duka, maswali yako yote mawili ni ya mtu anayekaa nyuma ya kaunta.

Nianze na la pili, kwa sababu hilo nililiona kwa macho yangu. Tuliipandisha. Mwaka 2018 kifurushi cha maua ya bangi kilichoandikwa dola 50 kwenye rafu kilifika takribani dola 68 mteja alipolipa: asilimia 15 ya ushuru wa jimbo, asilimia 10 ya jiji, kisha kodi ya mauzo ya asilimia 9.25 juu ya jumla hiyo, na kabla ya yote mkulima alikuwa ameshalipa dola 9.25 kwa kila aunzi ya maua aliyoitoa shambani. Risiti ilikuwa ndefu kama ya supamaketi wakati kwenye mfuko mlikuwa na kitu kimoja. Namkumbuka mzee mmoja, fundi bomba aliyestaafu, aliyekuja kila Ijumaa tangu enzi za kadi za wagonjwa. Alisimama pale akiifuata risiti kwa kidole, mstari kwa mstari, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati na kusema kwa upole kwamba mpwa wake anamjua kijana anayeuza bila mistari yote hiyo. Hatukumwona tena. Kijana wa mtaani halipi jiji, halipi jimbo, wala halipi maabara ya kupima ukungu na viuatilifu. Wewe na saruji yako, Mama, angalau hushindani na mtu anayeuza saruji usiku uchochoroni kwa nusu bei.

Kuhusu wale wanane, ndiyo, ulilosema ni kweli, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo mwaka 2009 mambo yalikuwa magumu kuyatenganisha, kwa kuwa mlipaji alikuwa anainua mkono juu kuliko sisi sote. Ukimwona mtu anaomba mzigo, humuulizi kama mgongo wake utauweza miaka kumi baadaye. Na kuna jambo ambalo sikulisema: hizo zilikuwa kodi za mfuko mkuu. Jiji liliziweka hivyo kwa makusudi, ili zipite kwa zaidi ya nusu badala ya theluthi mbili. Maana yake kila mpiga kura alijaza mwenyewe kile alichotaka fedha ifanye. Jirani yangu aliona maktaba, mimi niliona mashimo ya barabara, na sheria haikumwahidi yeyote kati yetu chochote.

Mkaazi wa Denver

Hamjambo nyote. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, naishi Denver mwaka wa kumi na tano huu, na ningependa kuongeza upande wa Colorado kwa sababu huku mambo yalipangwa kwa namna tofauti.

Watu wa Colorado walihalalisha bangi kwa watu wazima Novemba 2012 kupitia Rekebisho la 64 la katiba ya jimbo. Kodi haikuingizwa kinyemela. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2013, ililetwa peke yake kwa jina la Pendekezo AA na ikapita kwa takribani asilimia 65: ushuru wa asilimia 15 pale bangi inapotoka kwa mkulima, ambapo dola milioni 40 za kwanza kila mwaka zilielekezwa kwenye ujenzi wa shule, na kodi maalumu ya mauzo ya asilimia 10. Kwa hiyo mzazi aliyepiga kura alijua kuna paa la darasa ndani yake. Siku hiyohiyo jiji la Denver liliuliza swali lake, na hili ndilo ninalotaka Mhasibu alitazame: lilianza na asilimia 3.5, likalipatia baraza uwezo wa kupanda hadi asilimia 15 bila kurudi kwa wananchi. Kura iliweka dari, na chini ya dari baraza liliachiwa nafasi ya kusogea.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha jinsi watu wa huku wanavyoishika kura yao. Katiba ya Colorado, tangu mwaka 1992, ina kifungu kinachosema serikali ikitangaza makadirio ya kodi mpya, na mapato ya kodi hiyo au mapato ya jumla ya serikali yakazidi makadirio yaliyoandikwa katika kijitabu cha wapiga kura, wananchi warudishiwe. Hesabu za mwaka wa kwanza wa mauzo zikaonyesha kwamba jimbo linadaiwa kurudisha takribani dola milioni 66 za kodi ya bangi, ingawa kodi ya bangi yenyewe ilikuwa imeingiza fedha chache kuliko ilivyotarajiwa. Kilichozidi kilikuwa mapato ya jumla ya jimbo. Ikabidi Novemba 2015 waulizwe tena kupitia Pendekezo BB: mtakubali serikali ibaki na fedha hizi? Wakakubali kwa wingi mkubwa. Wenzangu kazini waliona ni usumbufu. Mimi niliyetoka mahali ambapo kodi ikishapanda haijawahi kurudi kuniomba radhi, nilipiga kura ile kwa furaha.

Ustadh wa Pwani, Tanga

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa makini na ninaheshimu elimu ya Mhasibu, lakini naomba kutofautiana naye, tena kwa uwazi. Mnazungumza kana kwamba duka hilo ni la unga wa ngano. Nchi yetu kila Juni bajeti inaposomwa tunasubiri kusikia bia na sigara vimepandishwa kiasi gani, na hakuna anayelia kwa ajili ya mwenye baa, kwa sababu tunakubaliana kwamba kinachodhuru kilipe zaidi. Wapiga kura wa Oakland kama walitaka bangi iwe ghali, ili kijana wa miaka 17 asiifikie, wana kosa gani? Kodi nzito ni ukuta. Ninyi mnaulalamikia ukuta kwa kuwa ni mrefu.

Mimi nimezika mpwa aliyeharibikiwa akili na mambo haya. Najua madaktari watasema kulikuwa na sababu nyingine. Mama yake haoni sababu nyingine.

Mhasibu wa Oakland (mleta uzi)

Wa alaykum salaam, Ustadh. Kwanza pole kwa msiba huo, na sitajaribu kubishana na mama yake.

Hoja yako ya ukuta ni nzuri, na ningeikubali yote iwapo ukuta ungezunguka bangi. Uliozungukwa ni mlango mmoja tu, ule wenye mlinzi anayedai kitambulisho na kumrudisha mwenye miaka 20. Kwa yule wa uchochoroni, mwenye miaka 17 ni mteja kama mwingine. Sigara Tanzania hupandishwa kodi kiwandani, na viwanda vya kutengeneza sigara havifichiki. Bangi inaota nyuma ya nyumba. Kodi ikizidi, kinachopungua ni wanunuzi wa mlangoni, na wale wa uchochoroni wanaongezeka.

Lakini nina jibu lingine ambalo limenikaa zaidi moyoni. Mwaka 2017 Oakland ilianzisha mpango wa usawa katika leseni za bangi. Nusu ya leseni zilitengwa kwa watu wa kipato cha chini ambao ama walihukumiwa kwa kosa la bangi mjini humo ama waliishi kwa miaka mingi katika maeneo ambako polisi walikamata zaidi. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi wa Oakland Mashariki na Magharibi. Bosi wangu, mwenye lile duka, alikuwa mmoja wao. Kaka yake alifungwa kwa kile ambacho yeye sasa alikuwa na cheti ukutani cha kukifanya. Mama huyo alikuwa na mtaji wa kukopa, hakuwa na benki, kwa maana benki nyingi zilikataa fedha za bangi, na alitozwa asilimia ileile ya mauzo ghafi kama kampuni yenye matawi.

Kila siku ya kulipa kodi nilihesabu noti za dola 20 kwenye chumba cha nyuma, nikazifunga kwa raba mafungu ya dola 2,000, nikazipanga kwenye begi la kompyuta ili lisionekane begi la fedha, na tukaenda wawili hadi jengo la jiji pale Frank Ogawa Plaza. Noti zilinuka. Karani alikuwa mwungwana sana, aliziweka kwenye mashine, ikakataa zilizokunjamana, akazinyoosha moja moja kwa kiganja. Bosi alisimama pembeni akiangalia. Siku moja katika robo ya pili ya mwaka 2019 alinigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mshahara wake mwenyewe wa mwezi ule umo ndani ya begi lile. Ulikuwamo.

Na si maduka peke yake. Kule kaskazini, Kaunti ya Humboldt, wapiga kura walipitisha Hoja S Novemba 2016, ambayo haikuangalia hata mauzo: ilitoza kwa ukubwa wa eneo, dola 1 kwa futi ya mraba kwa shamba la nje, dola 2 kwa linalosaidiwa na taa, dola 3 kwa la ndani. Bei ya bangi ilipokuwa zaidi ya dola 1,000 kwa ratili, hakuna aliyestuka. Mwaka 2021 bei ikaporomoka hadi dola mia chache, na mwenye futi 10,000 bado alidaiwa dola zake takribani 10,000. Februari 2022 madiwani wa kaunti walipunguza kodi hiyo kwa asilimia 85 kwa mkupuo. Kodi inayoweza kukatwa asilimia 85 kwa kikao kimoja inaonyesha jinsi ilivyokuwa imeachana na hali ya shamba.

Ustadh wa Pwani, Tanga

Hilo la kaka aliyefungwa na dada mwenye cheti nimelisikia, Mhasibu. Sijabadili msimamo wangu juu ya bangi, na sitaubadili. Ila nakubali kwamba ukiruhusu kitu kwa mkono mmoja usimnyonge kwa mkono wa pili yule uliyempa ruhusa. Ama kataza, ama acha apumue.

Mama Duka, Mwanza

Mimi nataka nirudi kwenye karatasi ya kura, maana ndiko tulikoanzia. Kaka Mhasibu, umesema ulipiga ndiyo mara mbili. Leo ukipewa kalamu uandike lile swali upya, ungeliandikaje? Na huyo bosi wako, aliambulia nini?

Mhasibu wa Oakland (mleta uzi)

Mama Duka, ningeandika kama walivyoandika Denver: kiwango cha kuanzia, dari, na ruhusa ya baraza kushuka bila kurudi kwa wapiga kura. Kupanda juu ya dari kubaki mikononi mwa wananchi, na kushuka kusihitaji uchaguzi, kwa kuwa bei ya soko haisubiri Novemba. San Francisco walifanya hivyo Novemba 2018, wakapitisha kodi ya kati ya asilimia 1 na 5 ambayo ilitakiwa kuanza mwaka 2021, na madiwani wameiahirisha zaidi ya mara moja kwa kuona hali ya maduka. Pili, ningeruhusu kuondoa gharama ya bidhaa kabla ya kutoza. Tatu, ningelazimisha kijitabu cha wapiga kura kichapishe risiti moja nzima, kodi zote juu ya kifurushi kimoja, ili mtu aone mstari anaoombwa kuuongeza unakwenda kukaa juu ya mistari gani. Hilo la tatu sijaliona popote, na ndilo ninalolitaka kuliko yote.

Oakland nayo ilijirekebisha. Novemba 2018 tuliletewa hoja nyingine, na kwa bahati ya herufi nayo iliitwa Hoja V. Ile ya 2010 ilipandisha, hii ikalegeza: ilimruhusu mtengenezaji kuondoa thamani ya malighafi, ikaruhusu kulipa kwa robo mwaka, na ikalipatia baraza uwezo wa kubadili kodi hiyo kwa namna yoyote isiyopandisha kiwango. Nilipiga ndiyo ya tatu, na hiyo siijutii. Mwishoni mwa 2019 baraza likapitisha viwango vya ngazi, wadogo na wa mpango wa usawa wakiteremshwa sana. Jimbo nalo lilifuta kodi ya mkulima mwaka 2022. Kifungu cha 280E bado kipo katika vitabu. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilipendekeza bangi ishushwe hadi kundi la tatu, ambako kifungu hicho hakifiki.

Bosi wangu alifunga Machi 2020, wiki chache baada ya kuwasilisha hesabu zake za kwanza chini ya kiwango kipya. Deni la shirikisho la miaka iliyopita lilikuwa limeshafika. Siku ya mwisho tuliondoa cheti ukutani, akanipa mashine ya kuhesabia noti kwa sababu hakuwa na mahali pa kuiweka. Iko hapa chini ya dawati langu. Sasa anauza chakula kwenye gari karibu na ziwa Merritt, ana akaunti ya benki, na kila Januari bado ananiletea bahasha ya risiti nimfanyie hesabu.